Kuharakisha Kompyuta Kupita Kipimo cha Kiwanda

Mwezi Agosti 1998 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa sokoni kichakataji kilichopewa jina la Celeron 300A. Kichakataji ni kipande cha silikoni ambacho hufanya hesabu za kompyuta na kuziongoza kazi zake. Hiki kilikusudiwa kwa wanunuzi wasio na fedha nyingi, nacho kiliuzwa kwa kasi ya megahezi 300, yaani mipigo milioni 300 kila sekunde. Wakati huo huo kampuni hiyo ilitoa kichakataji cha Pentium II cha megahezi 450, ambacho bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ile ya Celeron. Haukupita muda mrefu kabla ya wapenzi wa kompyuta kugundua jambo lililowastaajabisha. Celeron nyingi za megahezi 300, baada ya kubadilishiwa kipimo kimoja tu kwenye bodi ya kompyuta, ziliweza kufanya kazi kwa megahezi 450.

Ongezeko hilo la nusu nzima ya kasi lilipatikana bila malipo. Je, kiwanda kilikosea kupima bidhaa yake? Na ikiwa kasi ya namna hiyo yaweza kupatikana bure, kwa nini kila mwenye kompyuta asiichukue? Majibu ya maswali haya yamo katika sheria za umeme na joto ambazo mwanafunzi wa shule ya sekondari anazifahamu tayari, na kwa sababu hiyo yafaa yachunguzwe kwa makini.

Mapigo yanayoongoza kazi

Ndani ya kila kompyuta mna saa ya umeme. Saa hii haionyeshi majira. Kazi yake ni kupiga mapigo yaliyo sawasawa, kama mpiga ngoma asiyechoka. Chanzo cha mapigo hayo ni fuwele ndogo ya kwatzi ambayo hutetemeka inapopitishiwa umeme. Katika kila pigo, transista za kichakataji hupokea tarakimu za 0 na 1, huzishughulikia, na kuzikabidhi kwa transista zinazofuata.

Mtu aliyewahi kuona watu wakimimina zege kwenye sakafu ya ghorofa atalielewa jambo hili upesi. Watu hujipanga mstari na kupokezana karai za zege kutoka chini hadi juu. Wakipokezana kwa mdundo mmoja, kazi hukimbia. Mdundo ukiongezwa kidogo, kazi hukimbia zaidi. Lakini ukiongezwa kupita uwezo wa mtu mmoja aliye mzito kuliko wenzake, karai itaachiwa kabla mikono yake haijafika, na zege litamwagika. Haidhuru wengine wote wawe wepesi kiasi gani. Mstari mzima hauwezi kuwa mwepesi kuliko yule aliye mzito.

Kichakataji nacho kina njia ndefu na njia fupi za umeme. Njia iliyo ndefu kuliko zote ndiyo inayoamua kasi ya juu kabisa. Kwa kasi ya gigahezi 3, pigo moja hudumu theluthi moja ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Katika muda huo hata mwanga, ambao hakuna kitu kinachoupita kwa mwendo, husafiri sentimita 10 tu katika ombwe. Pigo jipya likija kabla umeme haujafika mwisho wa njia yake, tarakimu iliyopaswa kuwa 1 husomwa kama 0, au 0 ikasomwa kama 1.

Akiba iliyoachwa na kiwanda

Vichakataji vingi hutengenezwa pamoja juu ya bamba moja la duara la silikoni, kisha hukatwa kimoja kimoja. Ingawa vyote hutoka katika mchoro mmoja, havilingani kabisa. Tofauti ndogo sana katika unene wa tabaka au upana wa waya huvifanya vingine viwe vyepesi na vingine vizito. Kwa hiyo kiwanda hukipima kila kimoja na kukipanga katika daraja lake.

Katika kupanga madaraja hayo, kiwanda huacha akiba. Hapana budi kichakataji kifanye kazi katika chumba cha baridi na katika chumba cha joto kali, kwa umeme uliotulia na kwa umeme unaotikisika kidogo, kikiwa kipya na kikiwa kimezeeka kwa miaka kadhaa. Kasi inayotangazwa ni ile ambayo kiwanda kinaweza kuidhamini katika hali zote hizo. Tena hutokea kwamba soko linataka vichakataji vya bei ndogo kwa wingi kuliko vya bei kubwa. Hapo vichakataji vyenye uwezo mkubwa huuzwa katika daraja la chini.

Hayo ndiyo yaliyotokea kwa Celeron 300A. Kasi yake ilipatikana kwa kuizidisha kasi ya njia kuu ya bodi, ambayo ni megahezi 66 na theluthi mbili, mara 4.5. Kizidishi hicho kilikuwa kimefungwa na kiwanda, na mtumiaji hakuweza kukibadili. Lakini kasi ya njia kuu ilitawaliwa na bodi, na bodi za wakati huo, kama vile BH6 ya kampuni ya Abit, zilimruhusu mtumiaji kuipandisha hadi megahezi 100. Mara 4.5 ya megahezi 100 ni megahezi 450. Zaidi ya hayo, kumbukumbu ndogo ya akiba ya Celeron, yenye kilobaiti 128, ilikuwa ndani ya kipande kile kile cha silikoni na ilikwenda kwa kasi yake nzima. Ile ya Pentium II ilikuwa katika vipande vya pembeni vilivyokwenda kwa nusu ya kasi. Hivyo Celeron haikuwa na mtu mzito wa pembeni katika mstari wake.

Hata hivyo si Celeron zote zilizofika huko. Nyingine zilikwama njiani, na nyingine zilihitaji kuongezewa volteji kidogo. Mnunuzi hakuwa na namna ya kujua mapema ni ipi aliyoipata.

Gharama ya joto

Transista inapogeuka kutoka 0 hadi 1, hujazwa chaji ndogo ya umeme kama kapasita. Inaporudi 0, chaji hiyo huondoka, na nishati yake hugeuka kuwa joto. Kiasi cha joto kinachotolewa kwa sekunde kutokana na kazi hiyo hulingana na mipigo kwa sekunde, na pia hulingana na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Hapa ndipo penye fundisho kubwa. Kasi ikiongezwa maradufu peke yake, joto hili huongezeka maradufu. Volteji ikiongezwa maradufu peke yake, joto hili huongezeka mara nne.

Kwa nini basi mtu aiongeze volteji? Kwa sababu volteji kubwa huifanya transista igeuke upesi zaidi, na kwa njia hiyo kasi ya juu huwezekana. Ichukuliwe mfano wa kichakataji kinachotoa joto la wati 100. Mtumiaji anaongeza kasi kwa asilimia 20, na ili kompyuta isimame imara analazimika kuongeza volteji kwa asilimia 10. Hesabu yake ni hii: 1.2 × 1.1 × 1.1 = 1.452. Kichakataji sasa kinatoa wati 145 hivi. Kwa faida ya asilimia 20 ya kasi, mtumiaji amelipa asilimia 45 ya joto.

Joto hilo lazima liondolewe kwa bamba la chuma lenye mapezi na feni. Tuseme bamba hilo hupanda nyuzi 0.3 za Selsiasi juu ya hewa ya chumba kwa kila wati moja. Kwa wati 100 litapanda nyuzi 30. Kwa wati 145 litapanda nyuzi 43.5. Katika chumba chenye nyuzi 20, asubuhi ya Nairobi, bamba litafika nyuzi 63.5. Katika chumba chenye nyuzi 32 mjini Tanga au Mombasa litafika nyuzi 75.5, na silikoni yenyewe iliyo chini ya bamba itakuwa na joto zaidi ya hilo. Mpangilio uliojaribiwa na kusifiwa katika nchi ya baridi waweza kushindwa pwani, ingawa vifaa ni vile vile. Vumbi likiziba mapezi, hali huwa mbaya zaidi.

Joto likipita kiasi, vichakataji vya siku hizi hujipunguzia kasi vyenyewe. Vingi vya mezani hufanya hivyo vinapokaribia nyuzi 100. Hapo mtumiaji hupoteza ile kasi aliyoitafuta. Lakini kuna madhara mengine yasiyoonekana upesi. Katika waya nyembamba za kichakataji, mkondo mkali wa elektroni husukuma atomu za metali kutoka mahali pake, kama vile maji ya mto yanavyosukuma mchanga. Baada ya muda waya hupungua unene mahali fulani na hatimaye hukatika. Joto na wingi wa mkondo huharakisha uharibifu huo.

Wako wanaoshindana katika jambo hili kama mchezo. Hao hupoza vichakataji kwa naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa heliamu kimiminika, iliyo baridi zaidi ya hiyo, kichakataji cha mezani kimewahi kuvuka gigahezi 9. Lakini kasi hiyo hudumu kwa muda mfupi tu, wa kutosha kuipima na kuiandika. Hakuna anayefanyia kazi ya kila siku juu ya chombo kinachofuka mvuke wa baridi namna hiyo.

Kumbukumbu nayo ina kipimo chake

Kichakataji chepesi hakina faida kikikaa kungojea data kutoka katika kumbukumbu. Kwa hiyo wanaoharakisha kompyuta hugusa pia kumbukumbu kuu. Aina inayotumika hadi leo ilibuniwa na Robert Dennard wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Kila tarakimu huhifadhiwa katika kapasita moja ndogo sana inayolindwa na transista moja. Kapasita hizo huvuja kama mtungi wenye ufa. Kwa kawaida hapana budi zote zisomwe na kujazwa upya ndani ya kila milisekunde 64, la sivyo habari zilizomo hupotea.

Kasi ya kumbukumbu ina pande mbili, nazo huchanganywa mara nyingi na wanunuzi. Upande wa kwanza ni wingi wa data zinazopita kwa sekunde. Upande wa pili ni muda wa kungojea tangu data zinapoombwa mpaka zinapoanza kutoka. Kumbukumbu ya aina ya DDR4 iliyoandikwa 3200 huwa na saa ya megahezi 1600, kwa kuwa data hupita mara mbili katika kila pigo. Pigo moja hudumu nanosekunde 0.625. Ikiwa hungojea mapigo 16, muda wa kungojea ni nanosekunde 10. Ile iliyoandikwa 3600 na kungojea mapigo 18 ina pigo fupi zaidi, lakini muda wake wa kungojea ni nanosekunde 10 zile zile. Kilichoongezeka ni wingi wa data tu, kwa asilimia 12.5. Ili kungojea nako kupungue, ni lazima idadi ya mapigo ipunguzwe chini ya 18, na hapo ndipo kapasita huanza kusomwa kabla chaji yake haijapambanuka vizuri.

Tangu mwaka 2007 kumekuwako mpango wa Intel unaowawezesha watengenezaji wa kumbukumbu kuandika vipimo vya kasi ya juu ndani ya kadi yenyewe, ili mtumiaji avichague kwa amri moja. Kwa DDR4 vipimo hivyo mara nyingi hutaka volti 1.35 badala ya volti 1.2 za kawaida. Urahisi huo usimfanye mtumiaji asahau kwamba kuvichagua nako ni kupita kipimo cha kawaida.

Kosa lisilopiga kelele

Kompyuta iliyoharakishwa kupita kiasi ikizimika ghafla, mwenyewe hutambua mara moja na kurudi nyuma. Hatari kubwa zaidi ni ile kompyuta isiyozimika, bali huendelea na kazi huku ikitoa jibu la uongo mara moja kati ya mabilioni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwalimu anaweza kulionyesha hilo ubaoni. Alama 72 ya mwanafunzi, ikiandikwa kwa tarakimu nane za mfumo wa mbili, ni 01001000, yaani 64 na 8. Tarakimu moja tu ya 1, ile inayosimama mahali pa 64, ikigeuka kuwa 0, kinachobaki ni 00001000. Alama ya mwanafunzi sasa ni 8. Kompyuta haikulia, kioo hakikuzimika, na orodha itachapwa kwa wino safi. Mashine zinazotunza hesabu muhimu za benki na za utafiti hutumia kumbukumbu maalumu yenye tarakimu za ziada, ambazo husahihisha kosa la tarakimu moja na kutambua makosa mawili. Kompyuta nyingi za mezani hazina ulinzi huo kamili.

Hata watengenezaji wenyewe wamewahi kuvuka mpaka. Mwishoni mwa Julai 2000, katika mashindano makali na kampuni ya AMD, Intel ilitangaza Pentium III ya gigahezi 1.13. Wapimaji wa nje ya kampuni waliipa kazi ndefu ya kuigeuza programu ya Linux kutoka maandishi yake hadi lugha ya mashine, na mara kwa mara kazi hiyo ilivunjika. Kabla ya Agosti kwisha, kampuni ilikiita kichakataji hicho kirudishwe. Kilikuwa kimefaulu majaribio ya kiwandani, lakini akiba yake ilikuwa ndogo mno.

Kwa sababu hiyo wenye ujuzi hawaridhiki kuona kompyuta imewaka tu. Hutumia programu ambazo majibu yake yanajulikana mapema. Mojawapo ni Prime95, iliyotokana na kazi ya kutafuta namba tasa kubwa sana. Huifanyisha kompyuta hesabu nzito kwa saa nyingi na kuyalinganisha majibu na yale yaliyo sahihi. Nyingine ni Memtest86, ambayo huandika tarakimu katika kumbukumbu na kuzisoma tena ili kuona kama zimebadilika. Kosa moja tu likitokea, kasi hupunguzwa. Kutoonekana kwa kosa, hata hivyo, si uthibitisho kwamba halitatokea siku yenye joto zaidi.

Akiba imepungua

Mwaka 1974 Dennard na wenzake walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa pamoja na volteji yake, kasi huweza kuongezeka bila joto la kila milimita ya mraba kuongezeka. Kanuni hiyo iliibeba maendeleo ya kompyuta kwa miaka 30 hivi. Kisha volteji ilikaribia volti 1 na kugoma kushuka zaidi, kwa kuwa transista ndogo mno zilianza kuvujisha umeme hata zikiwa zimefungwa. Mwaka 2004 Intel ilifuta mpango wake wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo watengenezaji wameongeza hasa idadi ya viini ndani ya kichakataji kimoja.

Pamoja na hayo, vichakataji vya sasa hujiharakisha vyenyewe. Hupima joto na umeme wao mara kwa mara, na kupandisha kasi kwa muda hali inaporuhusu. Ile akiba iliyowafurahisha watu mwaka 1998 sasa hutumiwa kwa sehemu kubwa na kiwanda chenyewe. Bei ya jambo hilo ilionekana mwaka 2024, baada ya watumiaji wa baadhi ya vichakataji vya mezani vya Intel vya kizazi cha 13 na cha 14 kulalamika kwamba kompyuta zao zinayumba. Kampuni ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya kichakataji yalikuwa yakiomba volteji iliyozidi, na kwamba volteji hiyo ilikuwa ikikidhuru kichakataji kadiri muda ulivyopita. Ilitoa maagizo mapya na kuongeza dhamana kwa miaka miwili, lakini kichakataji kilichokwisha kudhurika hakiponywi na maagizo mapya.

Fundisho kwa shule

Kasi inayotangazwa na kiwanda, basi, ni ahadi: kwa kasi hii, katika hali hizi, kila jibu litakuwa sahihi. Anayeipita kasi hiyo hajavunja sheria yoyote ya maumbile, na huenda asipate hasara. Ila dhamana ya usahihi wa majibu ameihamisha kutoka kiwandani na kuiweka mabegani mwake, na kwa kawaida dhamana ya kifaa chenyewe nayo ameipoteza.

Kwa kompyuta inayotunza alama za wanafunzi au hesabu za ada, biashara hiyo haifai. Kompyuta nzito ya shule hupata nafuu kubwa zaidi kwa kupanguswa vumbi, kuongezewa kumbukumbu, na kubadilishiwa diski inayozunguka kwa diski ya silikoni. Lakini kompyuta ya zamani isiyo na kitu cha thamani ndani yake, ikiwa bodi yake inaruhusu, ni maabara nzuri. Wanafunzi wanaweza kupandisha kasi hatua kwa hatua bila kugusa volteji, wakiandika joto na muda wa kumaliza hesabu moja, kisha kuchora grafu.

Wanaweza pia kuigeuza hesabu. Bodi ikiruhusu kupunguza volteji kwa asilimia 10 bila kubadili kasi, joto lile la transista zinazogeuka hushuka kwa asilimia 19, kwa kuwa 0.9 × 0.9 ni 0.81. Shule inayotumia umeme wa jua itaiona faida hiyo katika betri zake jioni. Volteji ndogo nayo ina kikomo chake, na makosa yake ni yale yale. Kwa hiyo majaribio ya usahihi yafanywe kwa saa nyingi kabla ya kompyuta kurudishwa kazini.